Meli Ziliponyamaza

Deyr ya mwaka 2010 haikuja. Griftu, kule Wajir Magharibi, mwaka hugawanywa mara nne kwa majina ya Kisomali: Jilaal ya ukavu, Gu ya mvua ndefu, Hagaa ya upepo, halafu Deyr, mvua ya Oktoba hadi Desemba ambayo kazi yake ni kujaza mabwawa na kuotesha majani ya kuwavusha ngamia na mbuzi hadi Aprili. Mwaka ule haikuvusha mtu. Gu iliyofuata, ya 2011, nayo ikashindwa, na kufikia Julai dunia nzima ilikuwa inatazama picha za Dadaab kwenye televisheni.

Miezi hiyohiyo, upande wa mashariki, kwenye bahari inayoamua kama Deyr itakuja au la, kulikuwa na kimya cha aina nyingine. Meli za mizigo ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zikituma vipimo vya joto la maji, upepo na mgandamizo wa hewa kutoka pwani ya Somalia zilikuwa zimeacha. Nyingine zilikuwa zimehama njia kabisa. Nyingine zilipita, lakini zikiwa zimefunga mdomo.

Najua, kuweka Griftu na meli kwenye sentensi moja kunachekesha. Meli pekee inayojulikana kule ni ile ya miguu minne. Bahari iko mamia ya kilomita mbali, na kati yake na Griftu kuna mpaka, vichaka na mchanga. Lakini mvua ya Griftu haitengenezwi Griftu. Kuna miaka ambapo maji ya Bahari Hindi upande wetu, upande wa Afrika, yanakuwa na joto kuliko kawaida, huku yale ya upande wa pili, karibu na Sumatra, yakipoa. Miaka hiyo Deyr humwagika mpaka barabara zinakatika. Kuna miaka mambo hugeuka: maji ya Sumatra yanapata joto, yetu yanapoa, na mvua inabaki kule. Mwaka 2010 ulikuwa wa namna hiyo, na juu yake kulikuwa na La Niña kutoka Pasifiki. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mbuzi wa Griftu watapata majani, mahali pa kwanza pa kuuliza ni baharini. Na kwa zaidi ya miaka mia moja, mtu wa kuulizwa baharini alikuwa baharia.

Wazee wetu waliuita mtambo wa baharia huyo simu ya upepo. Ni jina zuri kuliko yote yaliyokuja baadaye. Simu ya kawaida ilipita kwenye waya. Hii haikuwa na waya, basi ikawa ya upepo. Na kwa kweli kazi yake moja kubwa ilikuwa kusafirisha habari za upepo wenyewe.

Ujumbe wa meli kuhusu hali ya hewa hauna maneno. Ni mafungu ya tarakimu tano tano, na mbele yake kuna herufi nne: BBXX. Baada ya hapo huja jina la mwito la meli, kisha fungu kama 14064. Maana yake ni tarehe 14, saa 06 za kimataifa, ambayo kwetu ni saa tatu asubuhi, na tarakimu ya mwisho inaeleza jinsi upepo ulivyopimwa. Halafu 99020 na 10480: digrii 2 kaskazini mwa ikweta, digrii 48 mashariki. Mfano huu nimeutunga mwenyewe, lakini fungua ramani uone ni wapi. Ni baharini, mashariki mwa Mogadishu. Ukinyoosha mstari kutoka nukta hiyo kwenda magharibi moja kwa moja, utapita karibu sana na Griftu.

Mafungu yanaendelea: mawingu, mwelekeo wa upepo, mgandamizo, mawimbi. Mahali fulani katikati kuna fungu moja linalotuhusu sana, kwa mfano 00284. Sifuri ya kwanza ni kitambulisho cha fungu. Ya pili inasema maji yalipimwa kwenye bomba linaloingiza maji ya kupoza injini. 284 ni nyuzi joto 28.4. Kama ingeandikwa 02284, ungejua kwamba kuna mtu aliyechota maji kwa ndoo.

Hiyo ndoo ina historia yake. Tangu enzi za matanga, baharia alitupa ndoo baharini kwa kamba, mara nyingi ndoo ya turubai, akaivuta juu, akatumbukiza kipimajoto, akasoma, akaandika kwenye daftari la safari. Turubai hupoteza joto upepo ukiipiga, kwa hiyo maji yalionekana kuwa baridi kidogo kuliko yalivyokuwa. Ikaja Vita Kuu ya Pili. Nani angesimama sitahani usiku na tochi, anasoma kipimajoto, huku nyambizi za adui ziko chini? Watu wakaanza kusoma joto kwenye bomba la injini, ndani, kwenye usalama. Maji ya bombani yana joto zaidi kidogo. Miaka mingi baadaye wanasayansi walikuta kwenye rekodi za bahari za dunia kushuka kwa ghafla mwishoni mwa vita, mwaka 1945, na walipochimba wakaona sehemu kubwa ya kushuka huko haikuwa ya bahari. Ilikuwa ndoo imerudi. Vita pia vilifunga simu ya upepo yenyewe, maana meli inayotuma ujumbe inamwambia adui iko wapi. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Basi tuanze mwanzo. Mwaka 1851 huko Mauritius, Charles Meldrum alisaidia kuanzisha chama cha hali ya hewa, na kwa miaka mingi akawa anakusanya madaftari ya meli zilizotia nanga Port Louis, ananakili vipimo vyao ili aelewe vimbunga. Mwaka 1853 mataifa yenye meli nyingi yalikutana Brussels na kukubaliana namna moja ya kuandika hali ya hewa baharini. Tatizo lilikuwa moja tu: daftari lilifika na meli. Kama dhoruba ilikuwa Jumatatu na meli ikafika bandarini baada ya wiki tatu, ulichokuwa nacho mkononi kilikuwa historia, si onyo.

Redio ikabadilisha hilo. Mwaka 1905 meli zilikuwa zimeanza kutuma ripoti za hali ya hewa nchi kavu kwa simu ya upepo, na miaka michache baadaye kila mtu alijua faida yake na udhaifu wake kwa mkupuo mmoja. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, meli iitwayo Mesaba ilituma onyo la barafu kwa Titanic. Onyo lilipokelewa. Halikufika kwa maafisa waliokuwa wakiongoza meli, kwa sababu mtuma simu alikuwa na shughuli nyingi za kutuma salamu za abiria. Watu hupenda kusimulia Titanic kama hadithi ya chuma na barafu. Mimi naiona kama hadithi ya karatasi iliyobaki mezani.

Sasa, vipimo hivi vyote vya Bahari Hindi vilikuwa vya nani? Jibu fupi ni kwamba havikuwa vya Griftu. Vilikuwa vya wenye meli, wenye mashamba ya miwa Mauritius, na serikali ya India iliyotaka kutabiri monsuni baada ya njaa kubwa za mwisho wa karne ya 19. Mwaka 1929 Albert Walter, aliyekuwa mkuu wa hali ya hewa Mauritius, alihamia Nairobi kuongoza idara mpya ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ya Waingereza. Wakulima wa nyanda za juu walitaka kujua mvua, marubani walitaka kujua mawingu. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambako Griftu iko, ilikuwa na sheria zake: ile ya wilaya za pembezoni ya 1902, kisha ile ya wilaya maalum ya 1934. Kuingia au kutoka kulihitaji kibali. Habari za mvua hazikuwa kwenye orodha ya vitu ambavyo serikali ilidhani watu wa huko wanavihitaji. Na hata baada ya uhuru, hali ya hatari kaskazini mashariki iliendelea kwenye vitabu vya sheria hadi 1991.

Cha ajabu ni kwamba Garissa yenyewe ilitoa mchango mkubwa kwa sayansi hiyo. Katika miaka ya 1960, mtaalamu wa hali ya hewa Mwingereza aitwaye John Findlater alikuwa akipitia vipimo vya upepo wa juu vya Kenya, vikiwemo vya Garissa, ambako maputo madogo yalirushwa na kufuatiliwa kwa darubini. Akakuta upepo wa kasi ya kushangaza, unaopita chini kiasi, kilomita moja au mbili tu juu ya ardhi. Mwaka 1969 akachapisha picha nzima: mto wa hewa unaotoka kusini mwa ikweta, unapinda juu ya mashariki ya Kenya na Somalia, unaingia Bahari ya Arabu na kuelekea India. Unabeba unyevu wa monsuni ya huko. Wataalamu wanauita kwa jina la Findlater. Mabaharia wa majahazi kutoka Lamu hadi Zanzibar walikuwa wakiusafiria upande wake wa chini kwa karne nyingi na kuuita kusi. Wafugaji wa Wajir wanaujua kwa vumbi lake, wakati wa Hagaa. Upepo ni uleule. Kila mtu ameushika mahali alipousikia.

Ile tofauti ya joto kati ya Sumatra na kwetu, hata hivyo, ilipata jina baadaye sana. Ni mwaka 1999, kwenye jarida la Nature, ambapo Saji na wenzake, wakiwemo Goswami, Vinayachandran na Yamagata, walieleza kwamba Bahari Hindi ina mzani wake yenyewe, wenye ncha mbili. Walitazama takwimu za joto la bahari kuanzia 1958. Na kabla ya setilaiti kuanza kupima joto la maji, takwimu hizo ziliegemea nani? Meli. Ndoo, bomba la injini, 02284, 00284, maelfu kwa maelfu ya mafungu yaliyotumwa na maafisa wa zamu ambao pengine hawakuwahi kusikia neno Wajir.

Ghafla miaka ya zamani ikaeleweka. Mwaka 1961 mvua za Oktoba na Novemba zilifurika Afrika Mashariki yote, Tana ikavunja kingo, na Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita mbili kufikia 1964. Mzani ulikuwa umelalia upande wetu. Mwaka 1997 ukalala tena, safari hii pamoja na El Niño. Garissa na Wajir zikawa visiwa, na mwezi Desemba ukazuka ugonjwa wa homa ya Bonde la Ufa, ambao mbu hueneza kutoka kwa mifugo hadi kwa watu. Wanyama waliharibu mimba kwa makundi, na watu wakafa.

Hapo ndipo hadithi inapoonekana kama itakuwa na mwisho mzuri. Kama joto la bahari huleta mafuriko, na mafuriko huleta mbu, basi anayejua joto la bahari anaweza kujua ugonjwa kabla haujafika. Mwaka 1999 Kenneth Linthicum na wenzake waliandika hivyo. Mwaka 2006 kikundi hicho, Assaf Anyamba akiwa mstari wa mbele, kilitoa onyo juu ya Pembe ya Afrika wiki mbili hadi sita kabla ya wagonjwa kuanza kuonekana. Desemba ugonjwa ukazuka Garissa, kama ilivyosemwa. Lakini chanjo ya mifugo ilichelewa. Halafu watafiti wengine waliporudi kuwauliza wafugaji wa kaskazini mashariki, wakakuta jambo ambalo halikupewa sifa inayostahili: wafugaji wa Kisomali walikuwa wameshaona. Mvua kubwa isiyo ya kawaida, mbu wasiohesabika, dalili ambazo wao huziita sandik. Tathmini yao ilikuwa ya mapema sawa na ile ya kimataifa, na mara nyingi ya uhakika zaidi. Yaani kulikuwa na mitambo miwili ya onyo, mmoja ukianzia melini na kupita angani, mwingine ukianzia malishoni, na hakuna aliyeunganisha waya kati yake.

Ikaja 2008.

Kama ulikuwa Nairobi miaka ile, maharamia uliwajua kwa njia ya bei za nyumba. Kila ghorofa jipya Eastleigh liliambiwa ni la fedha za fidia, kuwe na ushahidi kusiwe na ushahidi. Baharini hali ilikuwa hivi. Septemba 2008 ilitekwa MV Faina, ikiwa imebeba vifaru 33 na njia yake ni Mombasa. Novemba ikatekwa Sirius Star, meli kubwa mno ya mafuta ya Saudia, mbali sana kusini mashariki mwa Mombasa, mahali ambapo watu walidhani ni salama. Aprili 2009 ikawa zamu ya Maersk Alabama, iliyokuwa ikielekea Mombasa na ndani yake mkiwa na chakula cha msaada.

Sasa rudi kwenye ule ujumbe wa BBXX. Una jina la mwito la meli. Una mahali ilipo. Una saa. Na kwa kuwa vipimo vya hali ya hewa ni mali ya wote, vilikuwa vikionekana kwenye tovuti za wazi, mtu yeyote na kompyuta yake. Wenye meli walikuwa wameanza kulalamika hata kabla ya hapo: hii ni hali ya hewa au ni anwani ya kututekea? Kuanzia mwaka 2007 Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliruhusu nchi kuficha majina ya mwito ya meli zao. Baadhi ya ripoti zikawa zinafika zikiwa na neno moja tu, SHIP. Mitambo ya AIS, ile inayotangaza jina na mahali pa meli kwa redio ili zisigongane, baadhi ya manahodha waliizima wakipita eneo la hatari. Na wengi hawakupita kabisa. Walizunguka mbali, upande wa India na Maldivi.

Matokeo yake yakaonekana kwenye ramani. Mwaka 2011 Shawn Smith na wenzake wa Florida walichapisha ripoti fupi yenye hoja nzito: kwenye Bahari Hindi ya magharibi kulikuwa na shimo la takwimu lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba milioni 2.5. Hapo ndipo kusi hupita, ule mto wa hewa wa Findlater. Kenya nzima ingeingia kwenye shimo hilo mara nne na nafasi ibaki. Maboya ya kupimia yaliyopangwa kutiwa nanga upande wa Afrika yaliahirishwa, kwa sababu hakuna meli ya utafiti iliyotaka kwenda kuyafunga. Vyombo vya Argo, ambavyo huelea na kuzama vyenyewe vikipima joto la kina kirefu, navyo vilikosa wa kuvitupa majini, hadi wanasayansi wa Australia wakaomba msaada wa jeshi la majini la kwao na la Marekani. Hebu fikiria: manowari za kivita zikitumwa kupeleka vipimajoto.

Nimekuwa nikijaribiwa kuandika kwamba kimya hicho ndicho kilichoua watu. Ingekuwa insha tamu. Meli zinanyamaza, dunia inapofuka, njaa inaingia bila kuonekana. Lakini si kweli, na ukweli wenyewe ni mchungu zaidi. Setilaiti zilikuwa bado zinasoma joto la maji kutoka juu. Pasifiki ilikuwa na vipimo tele, na La Niña ilionekana mapema. Kuanzia Agosti 2010 mtandao wa tahadhari ya njaa, FEWS NET, ulikuwa unaonya kwamba Deyr itakuwa mbaya. Onyo likarudiwa na kuongezwa uzito mwanzoni mwa 2011. Fedha hazikuja. Siasa za kusini mwa Somalia, vita, masharti ya wafadhili na makatazo ya al-Shabaab vilifunga njia za chakula. Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza njaa katika sehemu mbili za Somalia, na ni baada ya hapo ndipo mifuko ilipofunguka. Utafiti wa baadaye ulikadiria kwamba watu wapatao 258,000 walikufa Somalia, nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Upande wa Kenya, Garissa ilipokea waliofika kwa miguu, hadi kambi za Dadaab zikapita watu 400,000, na Wajir ikawa inazika mifugo.

Mesaba ilikuwa imetuma. Karatasi ilikuwa mezani.

Kimya cha meli kilifanya madhara ya polepole, yasiyo na picha. Setilaiti inayopima joto la bahari inahitaji mtu chini wa kuisahihisha, na kule hakukuwa na mtu. Mifano ya kompyuta inayotabiri Deyr hufundishwa kwa miaka iliyopita, na miaka ile ina pengo mahali hasa ambapo upepo wetu hupita. Pengo la takwimu halijazwi baadaye. Joto la maji la tarehe fulani ya Oktoba 2010, digrii 2 kaskazini na 48 mashariki, ama lilipimwa siku ile kwa kifaa, ama litakuwa la kukisia milele.

Maharamia walipungua baada ya 2012, meli zikarudi, lakini hazikurudi zilivyokuwa. Mtuma simu aliondoka hata kabla: tangu Februari 1999 meli hazihitaji tena mtu wa kugonga Morse. Meli za hiari zinazopima hali ya hewa, ambazo katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa zaidi ya 7,000 duniani, zimepungua sana. Badala ya afisa na ndoo, sasa kuna kihisi, kifaa kidogo kinachopima chenyewe. Cha joto la maji hushikiliwa kwa sumaku ndani ya ubavu wa meli, chini ya mstari wa maji, kinasikiliza bahari kupitia chuma. Hapo kuna kichekesho cha kiufundi: mawimbi ya redio, yanayofika angani bila shida, hayapendi chuma. Kutoa namba kutoka tumbo la meli hadi juu sitahani, mita chache tu, ni kazi ngumu kuliko kuitoa sitahani hadi Geneva. Wahandisi wengine wakajaribu kuipitisha kama sauti ndani ya chuma chenyewe. Ikishafika juu, inapanda kwenye setilaiti. Kwa ripoti zinazopita Inmarsat kwa namba maalum ya 41, anayelipa si meli bali idara ya hali ya hewa inayopokea. Afisa wa zamu anaweza kuwa anakunywa chai.

Habari zinafika, basi. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano mfululizo ilishindwa, na kila mmoja ulitabiriwa. Desemba 2021 picha ya twiga sita waliokufa, wamepangwa kwenye mchanga wa Sabuli, Wajir, ilizunguka dunia. Mwaka 2023 mzani ukageuka tena, El Niño juu yake, na wataalamu wakasema. Oktoba serikali ikatangaza kwamba El Niño ya uharibifu haitakuwapo. Novemba barabara ya Nairobi kwenda Garissa ilikuwa chini ya maji.

Kuna jambo moja jipya, na hili liko nchi kavu. Kuanzia katikati ya miaka ya 2010, chini ya mradi ulioitwa Kenya RAPID, visima virefu vya Wajir, Garissa, Isiolo, Marsabit na Turkana vilianza kufungwa vihisi. Kifaa kinakaa karibu na waya wa pampu, kinapima umeme unaopita, na hivyo kinajua pampu imewaka saa ngapi na imezimwa saa ngapi. Kwa kuwa sehemu nyingi hazina mtandao wa simu, kinatuma kwa setilaiti, kama meli inavyofanya katikati ya bahari. Kisima cha jangwani kimepata simu ya upepo. Watafiti walipokusanya takwimu za visima na mabomba 221 vya Kenya na Ethiopia, wakaona kwamba baada ya wiki zisizo na mvua pampu zilifanya kazi kwa asilimia 23 zaidi kuliko baada ya wiki zenye mvua. Mbuzi wanapokosa bwawa hurudi kisimani, na kisima kinasema.

Kinasema, lakini kwa lugha ya kuwaka na kuzima. Pampu ikinyamaza kwa siku nne, huenda mvua imenyesha, mabwawa yamejaa, mifugo imetawanyika malishoni na watu wanafurahi. Au huenda pampu imekufa, na mstari wa ngamia unasubiri juani. Kwenye skrini ya ofisi vimya hivyo viwili vinafanana kabisa. Mpaka leo, ili kujua ni kipi, lazima mtu apande pikipiki aende akaangalie.